Shimo la Lifti

Jengo jipya la hospitali lilikuwa limeshasimama na ghorofa zake zote kabla kijiko cha mtambo hakijachota hata udongo wa msingi. Lilisimama ndani ya kompyuta ya Nerissa Demaisip, kwenye ofisi ya wasanifu majengo kando ya mto wa mji wa Iloilo. Kila nguzo ilikuwemo, kila bomba, kila waya, kila mlango na upande unaofungukia. Nerissa aliweza kuingia kwa mlango wa dharura, akapanda ngazi, akapenya dari na kutazama mabomba ya maji taka yanavyopishana na mifereji ya hewa. Kazi yake ilikuwa hiyo. Alipokea michoro ya wasanifu, ya wahandisi, ya mafundi umeme na ya mafundi bomba, akaipachika yote kwenye modeli moja, kisha akatafuta pale vitu viwili vinapogombea nafasi moja.

"Wewe umeajiriwa kwa umbea," Mhandisi Sumagaysay alizoea kumtania. "Unapita nyumba kwa nyumba kutafuta nani kagombana na nani."

"Na kila nikipita, mzee, nakukuta wewe umegombana na bomba."

"Bomba ndilo halina adabu, Inday. Boriti ilitangulia kufika."

Rodolfo Sumagaysay ndiye aliyepiga hesabu za zege na nondo za jengo lile. Alikuwa mzee wa nywele nyeupe, mpenda supu, mwenye kucheka mpaka miwani ikamteleza. Nerissa alikuwa mwanafunzi wake chuoni, na tangu wakati huo mzee hakumwita kwa jina; alimwita Inday tu, kama wazee wa kule wanavyowaita mabinti zao. Mabadiliko yoyote ya nguzo, boriti au ukuta wa zege hayakushuka kwa mafundi mpaka yeye aweke kidole gumba chake kwenye simu na mfumo umtambue. Leseni ilikuwa yake, jina lake, na jengo likianguka shingo ni yake.

Mvua zilipokuwa zinaanza, msingi ukiwa umeshamwagwa, hospitali iliomba badiliko moja. Lifti ya katikati ilikuwa imechorwa kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu yao. Sasa madaktari walitaka ichukue mgonjwa akiwa kitandani, na nesi ubavuni na dripu juu, kutoka mapokezi ya dharura moja kwa moja hadi vyumba vya upasuaji. Kwa hiyo shimo la lifti lipanuliwe, kadiri ya mkono wa mtu mzima toka kiwiko hadi vidoleni. Nerissa alilipanua kwenye modeli. Mzee Sumagaysay akapiga hesabu upya, akasogeza boriti, akanenepesha ukuta mmoja. Mabomba yakahamishwa. Nerissa aliingiza kitanda ndani ya shimo lile kwenye kioo cha kompyuta, akakizungusha, kikaenea na nafasi ikabaki. Kilichobaki kilikuwa kidole cha mzee.

Asubuhi iliyofuata mzee hakuja kazini. Mkewe, Perla, alimkuta chini bafuni, mdomo umeenda upande, maji yanamwagika juu yake. Kiharusi.

Ofisi nzima ilinyong'onyea. Nerissa alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye kiti chake, na hapo ndipo alipoliona lile neno kwenye kona ya modeli, la rangi ya manjano: *Inasubiri idhini*. Akawapigia watu wa saiti.

Msimamizi wa saiti aliitwa Catalbas, mtu wa sauti kubwa asiye na moyo mbaya.

"Kaka Catalbas, zile kuta za lifti msizimwage kwanza. Shimo linapanuka."

"Linapanuka wapi? Huku kwangu kwenye kishikwambi naona lile lile."

"Ni kwa sababu mzee hajaidhinisha. Mpya ipo, inasubiri tu kidole."

"Basi na mimi nisubiri nini, Nerissa? Boksi za kumwagia zege zimesimama, nondo zimefungwa, magari ya zege yamepangiwa siku, na redio inasema kuna kimbunga kinakuja. Kreni nayo inaondoka kwenda kwa mwenye zamu inayofuata. Nisimamishe watu wote hao kwa kitu ambacho hakipo?"

"Kipo!"

"Kipo kwako. Kwangu hakipo."

Nerissa alikwenda kwa Bwana Borres, mkuu wa ofisi, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho na mikono ameikunja, kama mtu anayesikiliza habari za msiba.

"Mwanangu," alisema Borres, "nimeshapiga simu hadi Manila. Hakuna mhandisi atakayetia jina lake kwenye hesabu za mwenzake bila kuzipiga zote upya. Mwezi. Pengine zaidi. Ungekubali wewe?"

"Tuwaombe wasimame huo mwezi."

"Nimewaomba. Wanasema ramani halali wanayo mkononi. Na kweli wanayo."

Hapo palikuwa pagumu. Hakuna aliyesema uongo. Kila mtu aliyempigia alimwelewa, akampa pole, akamweleza kwa upole kwa nini haiwezekani. Nerissa alitamani apatikane hata mtu mmoja mbaya, agombane naye.

Siku ya kumwaga zege ilipokaribia alinunua supu ya tambi, akaenda kumtazama mzee. Walikuwa wamemlaza kwenye jengo la zamani la hospitali ile ile, chumba chenye feni inayolia. Perla alikuwa amekaa kando yake akimpaka mafuta mkono usiohisi.

"Karibu, mwanangu. Muone mwenzio, siku hizi hanijibu hata nikimchokoza."

Jicho moja la mzee lilimfuata Nerissa tangu mlangoni. Alimsalimu, akamwambia ofisini wanamkumbuka, akamwambia hata lile bomba lisilo na adabu linamsalimu. Upande mmoja wa mdomo ukacheza. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuvumilia, akatoa kishikwambi na kumwonyesha modeli. Alimzungushia shimo la lifti taratibu, boriti aliyoisogeza, ukuta aliounenepesha, kitanda kilichoenea. Mzee alitazama. Chozi likatoka kwenye jicho lile, likateremka hadi sikioni.

"Ana nini?" Perla akauliza. "Umemwonyesha nini?"

Nerissa akamweleza. Perla akafungua mkoba wake, akatoa simu ya mumewe.

"Hii hapa simu. Na kidole ndicho hiki."

"Shangazi Perla, hapana. Haifai."

"Haifai nini? Kazi amefanya mwenyewe. Usiku na mchana nilikuwa nampelekea kahawa. Kabakiza kugusa tu."

"Lazima akubali yeye."

"Muulize, basi."

Nerissa aliinama mpaka harufu ya mafuta ya karafuu ikamjaa puani. "Mzee, ile lifti. Unaidhinisha? Ukikubali, fumba jicho."

Mzee akafumba jicho.

"Usipokubali, fumba jicho," Nerissa akasema, ili ahakikishe.

Mzee akafumba tena. Na tena. Pengine alikuwa akisema ndiyo, ndiyo. Pengine lilikuwa chozi tu linamwasha. Nerissa alimtazama Perla, na Perla hakumngoja. Alikishika kidole gumba cha mumewe kama mtu anayemkata mtoto kucha. Nerissa, asijue ameamua saa ngapi, akashika simu.

Neno la manjano likageuka kijani.

Aliondoka pale anatembea kama aliyetua mzigo. Furaha ile haikufika jioni. Catalbas ndiye aliyepiga simu, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nerissa, mabadiliko nimeyapata. Mhandisi Sumagaysay kaidhinisha leo."

"Ndiyo."

"Mimi jana nilimpelekea ndizi, dada. Mkewe ndiye aliyezipokea. Yule mzee hawezi kushika kijiko. Nani kabonyeza?"

Nerissa akalitazama lile neno la kijani.

"Mimi nakupenda kama mdogo wangu, lakini usinitie kitanzi. Nikimwaga kwa idhini hii halafu watu wakauliza, tunaulizwa wote, na mzee anafutiwa leseni akiwa kitandani. Nimeshamwambia Borres."

Borres hakumfokea. Aliifuta idhini mbele yake, akamwambia kwamba kwa heshima ya mzee jambo lile litaishia chumba kile, na kama Nerissa ana la kusema aliseme sasa.

"Shimo ni dogo," Nerissa alisema. "Kitanda hakitaingia."

"Najua, mwanangu. Sote tunajua."

Siku ya zege Nerissa alikwenda saiti, hakujua kufanya nini. Kofia ya plastiki ilimpwaya kichwani. Pampu ilikuwa imenyoosha shingo yake juu ya boksi za ukuta, mafundi wakipiga kelele na kutaniana, upepo wa kimbunga kilicho mbali ukipeperusha mifuko ya saruji. Zege likaanza kushuka kati ya nondo. Alisimama pale pale ambapo, kwenye modeli, ukuta ulipaswa kupita.

"Dada, sogea hapo, utachafuka!" fundi mmoja alimpigia kelele.

Akasogea. Maji yakimwagika hayazoleki, seuze zege. Kabla ya saa ya chakula walikuwa wamemaliza kimo cha kwanza, na Catalbas akamletea mfuko wa mikate na soda, akaketi karibu naye.

Kimbunga chenyewe kilikata kona kikaenda kaskazini. Iloilo ilipata manyunyu tu.

Jengo lilipoendelea kupanda, Borres alimwita tena. Hospitali ilitakiwa kukabidhiwa modeli pamoja na funguo, ili mafundi wa baadaye wajue kila kitu kiko wapi. Modeli lazima ifanane na jengo lililojengwa. Nerissa alielewa kabla Borres hajamaliza. Alirudi kwenye kiti chake, akalipunguza shimo la lifti kwa mkono wake mwenyewe, akarudisha boriti ilikokuwa, akaukondesha ukuta ambao mzee aliunenepesha. Kitanda kilikuwa bado kimo ndani, kimetokeza nusu upande wa pili wa zege. Akakifuta, akaweka machela.

Mzee Sumagaysay aliruhusiwa kurudi nyumbani, mtaa wa Jaro. Alijifunza kukaa, kisha kushika kikombe, kisha maneno mawili matatu yakaanza kumrudia. Siku ambayo jengo lilifunguliwa kwa bendi na hotuba, Nerissa hakwenda huko. Alikwenda kwa mzee. Alimkuta barazani, shuka magotini, ametazama barabara. Alipomwona, mzee alihangaika na ulimi wake, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Li... lif..."

"Usijichoshe, mume wangu," Perla alisema.

"Lifti," mzee akasema. Neno lilitoka zima. Akanyanyua mkono wake mzima, akautandaza hewani kuonyesha upana, na jicho lake likamuuliza Nerissa.

Perla akageuka haraka, akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijamalizika.

"Pana, mzee," Nerissa alisema. "Kitanda kinaingia, na manesi wawili, na nafasi inabaki."

Mzee akacheka kwa ule upande wake mmoja mpaka miwani ikateleza, na Nerissa akainama kumrudishia. Mzee akaushika mkono wake, asiuachie. Aliuminya kwa nguvu ambazo hakudhani anazo, akautazama mlango wa geti, akatafuta neno lingine kwa muda mrefu.

"Nipeleke," akasema. "Inday. Nikaone."

"Ukipata nguvu, mzee."

"Leo."

"Ukipata nguvu," Nerissa akarudia, na mzee akabaki amemshika mkono, akijaribu kusimama.