Misumari Iliyolazwa

Ncha za misumari zilikuwa zimepigwa nyundo zikalala. Ndicho nilichokiona kwanza, kabla ya godoro, kabla ya gauni lililoning'inia ukutani. Nilikuwa nimeingia stoo ya Mama Mlezi kuchukua mkeka wa ziada, mlango ukajirudisha nyuma yangu, na mwanga wa kidirisha ukaangukia ubao wake kwa ndani. Misumari ya komeo ilikuwa imepenya kutoka nje, na fundi aliipinda mmoja baada ya mwingine, akailaza juu ya ubao kama mtu anayelaza watoto.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Alifanya kazi na misumari mdomoni, nami nilizoea kumwambia kwamba siku akimeza mmoja nitamvuta kwa sumaku. Kwake ndiko nilikojifunza kutazama milango. Komeo la chumba cha mtu hukaa ndani. La stoo hukaa nje. Na mlango wa stoo hakuna anayehangaika kuulazia misumari, kwa sababu gunia halichomwi. Aliyeilaza ile alijua kuna mkono utakaoupapasa ubao ule kutoka ndani.

"Mama Vitambaa! Mkeka unauleta au unaufuma?" Mama Kicheko aliniita kutoka sebuleni, na wenzake wakaangua kicheko.

Nami nikacheka. Nikauweka mkeka kwapani nikatoka, nikaketi mahali pangu, tukasali.

Wananiita Mama Vitambaa kwa kuwa nafuma vitambaa vya meza. Naishi katika chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Wanangu wako mbali na maisha yao. Hunipigia simu wakipata nafasi, na nafasi nayo ni adimu. Watu hudhani mpweke anakosa mtu wa kuzungumza naye. Mimi nilichokosa ni mtu wa kunyamaza naye. Kunyamaza wawili kuna joto lake, kama chungu kilichoipuliwa mekoni. Kunyamaza peke yako ni chungu kilichosahaulika nje. Ndiyo maana Alhamisi za Mama Mlezi zilikuwa kila kitu kwangu. Wanawake tulikusanyika sebuleni kwake tukasali, tukanywa chai, tukataniana, na nilirudi chumbani nikiwa na sauti za watu za kunitosha siku kadhaa.

Chai ililetwa na Binti. Hatukuwa na jina jingine la kumwita. Si mtoto, ni msichana aliyekwisha kukomaa, mwenye lafudhi ya mbali na macho yasiyopanda juu ya vikombe. Mama Mlezi alipenda kumshika kiuno mbele yetu. "Huyu ni mwanangu. Nilimtoa kwenye shida." Nasi tulimwitikia, "Mungu akuzidishie." Tulipofumba macho kusali, Binti alikuwa jikoni. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuuliza kama mwana huyo naye hasali.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta amesimama mbele ya jiko na kiberiti kilicholowa mkononi.

"Kimbia dukani mwanangu, chai isichelewe," nikamwambia.

"Duka lipi, mama?"

"Hilo hapo ng'ambo. Lenye mlango wa kijani."

"Silijui."

Nilidhani ananitania. Harufu ya mikate ya duka lile iliingia hadi pale jikoni. Kitindamimba wa nyumba ile, ambaye Binti alimbeba mgongoni tangu hajaota meno, sasa alikwenda mwenyewe kununua pipi huko. Nikamshika mkono nimwonyeshe. Tulipofika getini akasimama. Geti lilikuwa wazi, na hakuna aliyemzuia. Alisimama tu kama kuku aliyezoea kufungwa mguu, ambaye hata ukikata kamba huzunguka palepale.

"Mama anasema nje watanikamata," akanong'ona. "Sina vitambulisho."

"Viko wapi?"

"Anavyo yeye. Alivichukua nilipofika, anitunzie."

"Na mshahara?"

"Ananitunzia." Akatazama chini. "Mlango pia anafunga yeye. Nilikuja kusomea cherehani, mama."

Sauti ikatoka sebuleni, laini, ndefu: "Biiinti!" Akaruka, mkono wake ukachomoka mkononi mwangu. Nikavuka barabara mwenyewe kununua kiberiti.

Siku ile nilibaki wenzangu walipoondoka. Mama Mlezi alikuwa akikunja kitambaa chake cha kichwa mbele ya kioo.

"Dada, mlango wa yule binti unafungwa kwa nje."

"Mlango upi?"

"Wa stoo. Analala mle."

Hakugeuka. Alinitazama kupitia kioo. "Kwa usalama wake. Mji huu una wahuni."

"Mhuni akija, komeo la nje atalifungua yeye. Aliye ndani ndiye hawezi."

Akaweka kitambaa chini taratibu. "Mama Vitambaa. Ulipofiwa, nani alikaa nawe?"

"Wewe, dada."

"Nani alikuletea chakula? Nani alikufulia mashuka ya mgonjwa, yaliyowashinda hata ndugu zako?"

"Ni wewe."

"Basi." Akanisindikiza hadi getini, mkono wake begani mwangu, mkono laini wenye harufu ya mafuta mazuri. "Alhamisi usikose. Wewe ukikaa peke yako unakonda."

Nilikwenda kwa miguu yangu lakini sikuwa na habari nayo. Alikuwa amesema kweli. Mume wangu alipokuwa anaondoka kidogo kidogo, mwili wake ukishindwa kujizuia, mashuka yale yalichukuliwa na kurudi meupe, yamenyooshwa kwa pasi. Nilimwombea Mama Mlezi kwa ajili ya mashuka yale kila uchao. Moja nililitunza chini ya sanduku, silitandiki, kwa sababu ndilo alilolalia mwisho.

Nilipofika nikalitoa. Lilikuwa limekunjwa vilevile lilivyorudi: mraba mdogo, pembe moja imeingizwa ndani ya nyingine kama mfuko, lisifunguke hata ukilirusha. Sijui mtu mwingine anayekunja hivyo. Isipokuwa kila Alhamisi, kwenye sinia, vitambaa vya chai vilikuwa vimekunjwa hivyohivyo.

Nikakaa kitandani na shuka mapajani. Mkono laini ule haukuwahi kuingia kwenye beseni. Faraja yangu ilifuliwa na mtu aliyekuwa akifungiwa, nami shukrani zangu zilikuwa zikibisha hodi kwenye mlango usio wake. Nilisali. Nitasema ukweli, sikuomba ujasiri, niliomba nisihusike. Niliomba tena na tena, na kila nilipofumba macho niliona misumari.

Asubuhi nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, ofisi yake ndogo kama jiko. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Una uhakika, mama? Nyumba yenyewe ni ya watu wanaoheshimiwa."

"Nina uhakika na mlango," nikasema. "Nenda ukautazame kwa ndani."

Walikwenda Alhamisi, yeye na askari wa kike, kabla wanawake hawajakusanyika. Mama Mlezi alichukuliwa kwenda kituoni kutoa maelezo, na vitambulisho vikapatikana kabatini mwake, ndani ya bahasha safi. Gari la nyumba ya hifadhi lilikuwa njiani. Afisa akaniomba Binti apumzike kwangu hadi lifike, maana Binti mwenyewe alisema, kwa sauti ndogo sana, kwamba kwa yule mama wa kiberiti ataweza kukaa. Askari akavuta kiti kibarazani kwa jirani, akatupa nafasi.

Nilimwonyesha chumba changu. Kitanda, birika, uzi wangu wa kufumia. Yeye hakuvitazama. Alikuwa akitazama komeo la mlango wangu, lile aliloliweka mume wangu, likiwa upande wa ndani.

"Naweza?" akauliza.

"Ni kwako hapa kwa leo."

"Na wewe mama utakuwa wapi?"

Nikafikiri. "Nje. Kuna upepo mzuri."

Nikatoka nikaketi kizingitini. Nyuma yangu komeo likaingia. Likatoka. Kisha likaingia tena, polepole, kama mtu anayejaribu utamu kwa ncha ya ulimi.

Ndipo walipopita. Wote, na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakielekea kwa Mama Kicheko kumwombea Mama Mlezi. Jicho la kila mmoja lilikuwa na shughuli upande wa pili wa barabara. Mama Kicheko peke yake ndiye aliyesimama.

"Mama Vitambaa. Umetuvunjia nyumba."

Akashusha macho hadi kizingitini nilipoketi.

"Sasa mbona umekaa nje? Umefungiwa kwako?"

Nyuma yangu komeo likatoka, likaingia. Alilisikia. Nilimwona akilisikia, mdomo wake uliozoea kucheka ukabaki nusu wazi, akautazama mlango kitambo, kisha akanitazama mimi.

"Tumekuwekea mkeka," akasema mwishowe, na sijui kama alikuwa ananialika au ni ulimi tu uliozoea. Akaharakisha kuwafuata wenzake.

Barabara ikabaki tupu. Kwa mbali wimbo wao wa kwanza ukaanza, ule ambao mimi huanzisha, na walikuwa wameuanza juu mno. Nikaegemeza mgongo mlangoni. Aliye ndani naye, nadhani, alikuwa ameegemea, kwa maana ubao ulisukuma kidogo kisha ukatulia. Tukanyamaza. Sikubisha hodi.