Marobota ya Kuazima

Mzee Bujiku wa Ngulyati hakuwa mjinga, na anayesema alikuwa mjinga aje anieleze mimi jirani yake. Mahari ya bintiye Felisita, ng'ombe ishirini, aliiuza mnadani akanunua hisa za kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi. Soko huria lilikuwa limefika, ushirika umekufa, na kampuni mpya imeandikishwa kwenye soko la hisa Dar es Salaam. Tuliambiwa kila mkulima atakuwa mwenye mali. Maneno matamu, nasi tuliyameza.

Kisha akatokea tajiri wa Dar aliyetaka kununua hisa zote kwa bei nzuri, aifukuze bodi na kuweka watu wake. Mkurugenzi, Ngeleja, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa kiwanda. Akaleta kanuni: mtu mmoja asimiliki zaidi ya sehemu ya kumi bila ruhusa ya bodi, na bodi isiondolewe kabla ya miaka mitano.

"Mnataka mgeni awachunge?" aliuliza.

Bujiku akasimama. "Boma bila miiba ni chakula cha fisi. Tufunge!"

Mikono ikapanda. Fisi wa nje akabaki nje kweli. Wa ndani hakuna aliyemuuliza.

Tangu hapo Ngeleja hakuogopa mtu. Asiyeweza kufukuzwa anajali nini? Bei ya pamba ikaanguka, mashine zikalala, lakini kila mwaka faida ilitangazwa, nono kuliko ya mwaka uliopita. Pamba iliyokuwa bado ghalani iliandikwa kuwa imeuzwa. Na wakaguzi wa hesabu walipotaka kuona mzigo wa msimu mpya, ghala lilikuwa limejaa pomoni.

Bujiku alipita kiwandani siku hiyo, akaona marobota ya pamba yana alama ya kiwanda kingine. Akaelewa papo hapo. Yeye alipooa, baba yake aliazima ng'ombe wa majirani wajaze zizi, ili wakwe wakija kutazama wasiwadharau. Kwake hiyo ilikuwa heshima, siyo wizi. Wageni wakiondoka, kila ng'ombe anarudi kwao.

"Umeazima," alimwambia Ngeleja, akicheka.

"Wakaguzi nao ni wageni, mzee wangu. Nyumba husitiriwa."

Basi akanyamaza. Bei ya hisa ilikuwa juu wakati ule. Angeuza, angepata ng'ombe wake wote na ndama juu. Hakuuza. Inaniuma mpaka leo.

Msimu uliofuata Felisita alirudi kutoka kwa mumewe, kijiji cha Shishiyu, mkono umevunjika, uso umevimba.

"Mwangaluka, baba," alisalimu. "Sirudi tena kule."

"Hurudi," alisema Bujiku, na alimaanisha.

Wakwe wakaja. Binti akibaki, mahari irudi yote, ndiyo desturi. Bujiku akawaomba wangoje, akapanda basi hadi Mwanza kwa wakala wa hisa. Huko akaambiwa hisa zile haziuzwi tena. Ile faida yote ilikuwa hewa, benki imeshika kiwanda, na Ngeleja hajulikani alipo.

Aliporudi, wakwe walikuwa uani.

"Ng'ombe wako wapi?" aliuliza mkubwa wao.

Felisita hakusubiri baba yake ajibu. Alimwomba mama yake amfunge upya kitambaa cha mkono, akachukua mfuko wake kwa mkono ule mzima. Baba yake akainuka amsindikize.

"Kaa tu, baba," alisema. "Njia ya Shishiyu naijua."