Kipande Kilichorukwa

Reli zilishang'olewa zamani, ikabaki njia ya kokoto iliyonyooka kando ya mto Missouri, haina mlima wala kona, na hilo ndilo lililomchosha Ardith kuliko yote. Mlima ungempa kisingizio cha kupumzika. Tangu asubuhi alikuwa akiliona ghala la mahindi la mji wa mbele, na jua limefika utosini ghala bado liko vilevile. Kisigino chake kilikuwa kimechubuka hadi soksi imegandia damu. Mbele yake mumewe, Lowell, alikokota miguu.

Tena Ardith alikuwa na jambo moyoni. Jana jioni mwenye nyumba ya wageni aliwafuata kwa gari pale kwenye daraja la chuma walipokomea, akawapeleka kulala. Asubuhi hakuwarudisha darajani, aliwashusha kwenye stesheni ya zamani iliyo mbele ya daraja. Watembeaji wa njia hii wana sharti lao: unaanzia palepale ulipoishia jana, la sivyo hujaimaliza njia. Ardith aliliona kosa papo hapo. Akainama kufunga kamba za viatu, akanyamaza, maana angesema, Lowell angegeuka kurudi, na yeye asingeweza. Sasa alijiona mwizi. Mumewe ameingoja safari hii tangu astaafu. Atawatangazia watu kanisani kwamba wametembea njia nzima, naye atakaa pembeni akitabasamu.

Walipoketi kula mkate wa soseji na matango ya siki, uzalendo ukamshinda.

"Lowell, nina neno. Usinipigie kelele."

"Kelele nitazitoa wapi, bibie? Hata pumzi naazima."

"Asubuhi tulishushwa siko. Tumeruka kipande kizima kuanzia lile daraja. Niliona, nikauchuna."

Lowell akaacha kutafuna. "Uliona?"

"Niliona."

"Na mimi niliona! Nikasema moyoni, huyu mwanamke akigundua tu, tunarudi, na magoti yangu yamekufa."

"Mimi nirudi? Sharti si lako?"

"Langu tangu lini? Si wewe uliyesema hakuna kuruka hata hatua?"

"Nilisema kwa sababu nilidhani ndivyo unavyotaka, mzee!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko, wakacheka hadi Ardith akatokwa machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Siku zote hizi ameumia kwa ajili ya sharti lisilo na mwenyewe.

Walipojikongoja hadi barabara inapokata njia, mkulima mmoja akasimamisha gari lake.

"Wazee wangu, mko hoi. Naenda mjini, niwasogeze?"

Safari hii hakuna aliyemtazama mwenzake kwanza.

"Ndiyo," alisema Ardith.

"Hapana," alisema Lowell, wakati uleule.

Ardith alikuwa tayari kulimeza jibu lake, kama alivyozoea maisha yote ya ndoa. "Si umesema magoti yamekufa?"

"Yamekufa. Lakini kilichobaki nataka kukimaliza kwa miguu. Mimi ndiye ninayetaka, sasa nimejua. Wewe panda, mke wangu."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Akamshika mkono akampandisha, akamtupia na begi lake mwenyewe. "Ukifika, ule. Usiningoje."

Gari likaondoka. Ardith akavua kiatu, akanyoosha mguu. Hakugeuka nyuma, maana alijijua: angemwona anavyochechemea, angeshuka.