Tumefika Lenta

Kabla Gaspari hajawa mchumi wa halmashauri, boma la zahanati liliingia kwenye bajeti kwa ukali wa sauti ya diwani wake. Wananchi walipandisha kuta kwa nguvu zao, serikali ikamalizia paa, milango na sakafu. Lakini serikali ianze kumalizia wapi, hilo liliamuliwa na aliyegonga meza zaidi. Gaspari alilichukia jambo hilo kama ugonjwa. Akatunga kanuni moja fupi: boma litakalofika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kabla ya Januari kwisha litaingia, lisilofika lisubiri mwaka mwingine. Aliitetea mbele ya madiwani amesimama, shati limelowa jasho, na siku ilipopitishwa alitoka ukumbini kifua mbele.

Krismasi alikwenda kwao, ng'ambo ya Misigiri. Baada ya ibada wakampa nafasi awasalimie watu.

"Fikeni lenta," aliwaambia. "Mkifika, nawaingiza. Safari hii hakuna wa kutuzunguka."

Vigelegele vikapigwa hadi nje ya kanisa.

Februari ukomo wa bajeti ulishuka kutoka juu, ukiwa umekatwa. Maboma yaliyofika lenta yalikuwa matatu, nafasi zikabaki mbili. Ikabidi yakaguliwe yote, na Gaspari akapanda gari pamoja na Jesca, mhandisi wa halmashauri.

"Tuanze na kwenu, mheshimiwa mchumi," Jesca alimtania. "Umeisifia hiyo zahanati mpaka nimeanza kuiota."

Kwa mbali ilistahili sifa. Kuta zilisimama wima juu ya udongo mwekundu, na mkanda wa lenta ulizunguka jengo lote, umenyooka. Watu walikuwa wamekusanyika. Mbele yao alisimama Mzee Joseph, mwenyekiti wa kijiji, amevaa koti licha ya jua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanetu. Ulisema tufike. Tumefika! Mashamba yameota majani, lakini tumefika."

Jesca alizunguka ukuta polepole, akachomoa ufunguo wa gari na kukwangua katikati ya tofali na tofali. Ganda jembamba la saruji likabanduka. Ndani kulikuwa na tope. Akakwangua pengine, tope. Akapanda kwenye tofali mbili, akagonga lenta kwa nyundo mpaka pembe ikameguka, kisha akamwita Gaspari.

"Tazama. Unaona nondo hapa?"

Gaspari aliona fito. Fito za mti, zimelazwa ndani ya zege mahali ambapo chuma kingekuwa.

"Mzee, hiki ni nini?" aliuliza.

Mzee Joseph hakuona aibu yoyote. "Saruji ilikuwa kidogo na Januari ilikuwa inakimbia. Tukaamua chini tujengee tope, saruji tuiwekee lenta. Si ndiyo uliyoitaka? Ya chini hukuyataja."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, hakuyataja.

Gaspari alijua wasingejenga hivi bila kanuni yake. Hata nyumba zao za kuishi walizijenga kwa subira, msingi mwaka huu, kuta mwaka unaofuata. Haraka hii yeye ndiye aliyewaletea, kanisani, akipigiwa vigelegele.

"Basi tuingize," mzee alisema. "Hela ikija tutarekebisha."

"Hela ikija ni ya paa, mzee. Paa likikaa juu ya tope, mvua moja tu litawaangukia wagonjwa."

"Miaka mingapi tunalala kwenye nyumba za tope? Zimetuangukia?"

"Hizo hazina ukubwa huu wala paa zito namna hii," Jesca alidakia.

"Wewe binti, mimi naongea na mwanangu."

Ndipo Mama Felista, dada mkubwa wa mama yake Gaspari, akajipenyeza mbele. Alibadili lugha, akamsemesha Kinyiramba, taratibu, kama anavyosemeshwa mtu wa nyumbani. Alimkumbusha Esta, mkwe wake, aliyejifungulia kando ya barabara akiwa anapelekwa kwa pikipiki, na mtoto hakulia. Esta ana mimba tena. Alimwomba tu asiwarudishe nyuma.

Jesca hakujua lugha hiyo, lakini alimwona Gaspari akikunja ngumi na kuzikunjua. Akamsogelea. "Mimi nitaandika nilichokiona," alinong'ona. "Kupanga nani aingie ni kazi yako."

Gaspari aliwageukia watu.

"Sitaliingiza," alisema. "Kanuni niliitunga vibaya, na nitaibadilisha ianzie kwenye msingi. Lakini boma hili sitaliingiza. Linatakiwa libomolewe."

Kelele zikalipuka. Mmoja akasema msomi amenunuliwa. Mwingine akasema heri diwani wa zamani, alikuwa mlevi lakini alileta kitu. Mzee Joseph alivua koti lake na kulitundika dirishani. Akaingia ndani ya boma, akatoka na sururu na kumtupia Gaspari miguuni.

"Sisi tumejenga. Wewe bomoa."

Gaspari alikunja mikono ya shati, akapiga. Alitegemea ukuta ubishe. Tofali tatu zikadondoka kwa pigo la kwanza, safi, bila hata kuvunjika, tope likamwagika kama unga. Akapiga tena. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsaidia.

Mama Felista akaja, akaokota tofali mbili, akazipiga vumbi kwa kanga yake.

"Mama mkubwa, unazipeleka wapi?"

"Hizi nimefyatua mimi. Nakwenda kujengea choo. Choo hakingojei bajeti."

Wanawake wengine wakaanza kumfuata, kila mmoja akichagua zake kwenye lundo, bila kumtazama usoni.

Jesca alipiga honi. Gaspari alifuta jasho, akaweka sururu chini na kwenda garini. Viganja vilikuwa vimechubuka. Bado kulikuwa na vijiji viwili vya kukagua, na huko nako walikuwa wamefika lenta kabla ya Januari kwisha.