Pichi za Kuachia

Kaltum alipika jamu nyumbani kwake mtaa wa Nyakabiga, mjini, na kwa miaka tisa pichi zake aliletewa na mwanamke mmoja tu, Consolée wa Bugarama, huko milimani kwenye baridi. Consolée alikuwa na miti miwili. Mti wa chini ulizaa mapema, mwezi wa kumi na moja, na pichi zake zilikuwa za kung'ang'ania: nyama haitoki kwenye kokwa, unachokoa kwa kisu hadi vidole vinauma. Mti wa juu ulizaa Januari. Hizo zilikuwa za kuachia. Unazungusha kisu mara moja, unapindua nusu mbili, kokwa linadondoka lenyewe. Kaltum alitaka hizo tu.

Kila Januari Consolée alishuka na kikapu, wakaketi jikoni, wakakata pamoja hadi alasiri huku wakisimuliana habari za watoto. Kaltum alikuwa Mama Afrah, Consolée alikuwa Mama Raïssa. Majina yao wenyewe hawakuyatumia kabisa. Kaltum hakuwahi kupanda Bugarama.

Juzi juzi hapa, Consolée alikuja mwezi wa kumi na moja bila kuitwa. Alikuwa amekonda. Siku hiyo Kaltum alikuwa na wageni kutoka Muscat, nyumba imejaa. Alikata pichi moja palepale mlangoni, akaona nyama imeshika kokwa.

"Mama Raïssa, we unajua mi sitaki hizi."

"Najua. Nilifikiri mwaka huu tuzikate tu. Leo mi sina haraka ya kurudi."

"Apana, leo siwezi. Rudi Januari na zile za kuachia."

Consolée alitazama kikapu chake, akasema ni sawa. Aliomba maji, akayanywa akiwa amesimama, akaenda. Kaltum akarudi kwa wageni.

Januari kikapu kilikuja, lakini kimebebwa na Raïssa, binti ambaye Kaltum alimjua kwa masimulizi tu. Kaltum alikata pichi ya kwanza, ikaachia vizuri, akafurahi, akauliza mama yuko wapi.

Raïssa alisema mama yake alizikwa katikati ya Desemba. Tumbo ndilo lililomuua. Ile siku ya mwezi wa kumi na moja alipitia hospitali kwanza na kikapu chake kichwani, daktari akamwambia hakuna la kufanya. Alipotoka huko ndipo akaja Nyakabiga.

Kaltum aliweka kisu chini.

"Aliporudi alisema nini juu yangu?"

"Alisema Mama Afrah anataka za mti wa juu," Raïssa alijibu. "Akanifundisha kuzichagua, nisikosee."

Binti alivuta kigoda akaanza kukata, na Kaltum, akiwa hana nguvu ya kumkataza, alikaa akitazama makokwa yakianguka kwenye bakuli moja baada ya jingine. Jamu haikupikwa siku hiyo.

Jumapili yake alimwomba mume wake, Twahiru, ampeleke Bugarama. Kulikuwa na ukungu. Raïssa aliwaongoza hadi kwenye kaburi lenye msalaba wa mbao, udongo bado mbichi kwa mvua. Kaltum hakujua amwombee kwa maneno gani, akasimama hadi viatu vyake vikalowa.

Nyumbani kwa Consolée walimkuta mama yake mzazi, bibi kizee aliyekuwa haoni vizuri. Aliuliza mgeni huyu ni nani kwa mwanawe. Kaltum alitafuta neno kwa Kirundi chake kibovu.

"Nilikuwa mteja wake," alisema.

Bibi aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa kupanda mlima wote huo, akamwagizia kiti. Kaltum alikaa, akajifunika uso kwa mtandio, akalia mbele ya watu asiowajua, na Twahiru alipomwambia waondoke hakuinuka.