Kopo la Vifungo

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Nguo za watu anazishona vizuri, sina neno, lakini kufua hajui. Tangu amwoe binti yangu sijamwona akisuuza hata leso. Kwa hiyo nilipofungua mlango wa uani asubuhi nikamkuta anaanika mashuka, nilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hayo mashuka yamefanya nini?"

"Nilimwaga maji ya kunywa."

"Mpaka kwenye godoro?" Maana godoro nalo lilikuwa limeegemezwa ukutani.

"Yalikuwa mengi," akasema, akabana kibanio cha nguo mdomoni asiulizwe zaidi.

Nilihamia kwao tangu binti yangu aanguke kifafa kwenye lango la shule. Gari lilikuwa limezimwa na watoto wameshashuka, namshukuru Mungu. Yeye ndiye dereva wa gari la shule. Watoto wanamwita Anti Honi. Daktari alimpa vidonge na kumtoa kwenye usukani: akae mwaka mzima bila kuanguka, awe macho au amelala, ndipo ampime na kuamua. Shule ikaweka dereva wa muda, mzee mmoja anayewagombeza watoto njia nzima, wakasema Anti Honi watamsubiri mpaka siku ya kupimwa, si zaidi. Siku yenyewe ilikuwa kesho kutwa.

Asubuhi hiyo aliiacha chai ikapoa. Huyu ni mtu ninayemtania kwamba koo lake ni la bati, anakunywa chai ikiwa bado inatokota. Mkate akautafuna upande mmoja.

"Jino?"

"Kichwa tu, mama. Usinichunguze."

Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nilikumbuka vizuri kwamba alipoanguka pale langoni alijing'ata ulimi na kujikojolea, na kwa siku kadhaa chai ya moto ilimshinda. Mchana nikakamulia limau kwenye maharage. Limau zima. Alipotia kijiko cha kwanza mdomoni, machozi yakamlenga.

"Umetia pilipili?"

"Hata punje."

Fundi akainamia sahani yake kama aliyedondosha sindano humo.

Hiyo bado ilikuwa shaka tu. Nilipata zaidi ya shaka jioni, nikitafuta kifungo cha shati la mjukuu. Fundi huweka vifungo kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikachota kiganjani: vyeusi, vya kahawia, vyeupe, na vingine vyeupe visivyo na matundu. Nikavigeuza. Zilikuwa nusu za vidonge, zimekatwa kwa wembe, safi kabisa, mkono wa fundi.

Sasa ni mwanaume gani anayemkatia mkewe dawa? Usiku ule nililala mlango wa chumba changu ukiwa wazi, nisikilize.

Siku ya kupimwa tukakaa watatu kwenye benchi la hospitali.

"Una la kumwambia daktari?" nikamuuliza binti yangu.

"Nimwambie nini? Mimi mzima."

"Na wewe, baba?"

Fundi akashika futi ya kupimia nguo, ambayo alikuwa amesahau kuivua shingoni. "Hapana, mama."

Basi. Nafasi nimewapa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba. Alimpima macho, akamgonga magoti, akamtembeza kwenye mstari. Binti yangu alijibu maswali kama redio, macho makavu, bila mwayo hata mmoja. Daktari akamgeukia fundi.

"Akipatwa usingizini yeye mwenyewe huenda asijue. Wewe unalala naye. Umeona lolote?"

"Hamna, daktari."

Haraka mno. Mtu akiulizwa habari za mwaka mzima hufikiri kidogo.

"Na wewe, mama?"

Nikafungua mezani pake leso niliyofungia zile nusu.

Daktari akasukuma nusu moja kwa ncha ya kalamu. "Nani amekata?"

"Mimi," fundi akasema. "Aliniomba."

"Zinanilaza!" binti yangu akapaza sauti. "Nasinzia hata nikipiga pasi. Nikija hapa napiga miayo, nani atanipa gari? Nikapunguza ili nionekane mzima."

"Umeanguka lini?"

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu.

"Usiku wa kuamkia juzi. Lakini usingizini! Nikilala si siendeshi, daktari?"

"Juzi ilikuwa kitandani. Na ikikukuta barabarani, watoto wakiwa nyuma?"

Daktari akavuta faili lake.

"Kusinzia ungeniambia, ningekupangia upya. Dawa haipo moja tu." Akaandika. Mwaka ukaanza upya.

Nje, binti yangu alimpigia simu mwalimu mkuu yeye mwenyewe. "Mwache yule mzee aendelee," akasema. Akakata, akanigeukia. "Umenipokonya gari langu, mama."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani namsaidia," fundi akanong'ona.

"Wewe kata vitambaa."

Jioni, baada ya kula, nikamwekea binti yangu dawa mpya mezani na glasi ya maji. Akameza, kisha akanitolea ulimi.

"Haya, kagua."

Nikakagua. Alama ya meno ilikuwa bado ubavuni mwa ulimi, ya zambarau.

"Inua."

"Mama!"

"Inua ulimi."

Akainua. Chini hapakuwa na kitu. Akapiga mwayo mrefu, mdomo wazi, mbele yangu kabisa bila kuuficha, akaenda kulala.

Nami nikalimimina kopo la vifungo mezani, nikavigeuza kimoja kimoja.