Jua la Saa Nne Usiku

Mkewe alianza kushtuka pale pale uwanja wa ndege, Ng'ambo alipofika kwenye ngazi inayotembea yenyewe akasita kama mtoto anayelazimishwa kuoga. Ng'ambo huyu huyu! Mtaa mzima ulimpa jina hilo kwa sababu alifanya kazi katika mji huu wa ughaibuni miaka minne, kwenye kiwanda cha mikate, na tangu arudi hakuna kikao alichoacha kuusimulia. Ndiyo maana watoto walichanga wakawakatia tiketi. "Baba, mpeleke mama akaone ulikokuwa."

Na mama mtu, fundi cherehani asiyependa makuu, alikuwa na lake moyoni. Katika miaka ile minne alimzika kitinda mimba wao, homa ya siku mbili tu. Baba mtu hakufika. Ni mbali, alisema kwenye simu. Ruhusa hakuna, ndege hakuna. Alimsamehe, lakini alitaka kuuona huo umbali kwa macho yake, roho yake itulie.

Basi wee, safari ikawa vituko mtindo mmoja. Treni ya kwanza iliwapeleka kusiko. "Wamebadilisha njia hawa," Ng'ambo akasema, jasho linamtiririka. Ya pili ilifunga milango begi lao moja la nguo likiwa bado chini kituoni. "Enzi zangu milango ilikuwa inasubiri." Hotelini alipewa kadi ya kufungulia mlango, akaitia mfukoni akidhani risiti, kisha akadai ufunguo wake kwa ukali. Bafuni akafungulia maji ya moto yakamchoma, akatoka mbio na povu kichwani. Mkewe alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Uzee huo, alijisemea, mtu husahau.

Wakajilaza, hoi. Usingizi ulikuwa ndio unamnyemelea mkewe, Ng'ambo alipomtikisa bega.

"Mama Watoto, amka! Saa yangu imekufa!"

"Imefanyaje?"

"Inasema saa nne usiku. Hebu tazama nje!"

Nje jua lilikuwa linawaka juu ya mapaa, na watu wanapita na baiskeli zao bila wasiwasi. Wakatazama simu. Nayo ikasema saa nne usiku. Hapo Ng'ambo akaogopa kikwelikweli. Akavaa kandambili, akashuka mbio mapokezini, mkewe nyuma yake anafunga kanga njiani.

"Dada, jua limepatwa na nini?"

Dada wa mapokezi alikuwa akizungumza nao kwa simu yake inayotafsiri. Kwanza alidhani anataniwa. Kisha simu ikajibu kwa sauti kavu: "Hapa kiangazi ndivyo kilivyo, kila mwaka. Jua huchelewa sana kuzama. Wageni wote hushangaa siku ya kwanza."

Mke akamgeukia mumewe. Macho yalikuwa yamemtoka Ng'ambo pima, mdomo wazi. Loo! Huyo hakuwa mtu aliyesahau. Njia mtu anaweza kuzisahau, na milango, na bomba. Lakini jua la usiku, kwa msimuliaji yule, miaka minne, lisisimuliwe hata mara moja?

Chumbani alifunga mlango, akauegemea.

"Hujawahi kufika hapa."

"Mke wangu..."

"Usiniite mke wangu! Hujawahi kufika."

Ng'ambo akakaa sakafuni. Wakala wa safari alimtapeli, alisema, ndege hakuipanda kamwe, na aibu ikamzuia kurudi nyumbani. Akapanga chumba mji wa jirani, akabeba magunia sokoni miaka yote minne. Ukipanda basi asubuhi, kabla ya mchana umeshafika kwao.

"Kwa hiyo mwanangu anazikwa, wewe uko hapo hapo." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Nilikuja."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Nilikuja, nakuapia. Nilisimama nje ya ukuta wa makaburi, nimejifunika kofia. Mvua ilikuwa inanyesha. Kiatu chako cha kushoto kilinasa kwenye tope, ukaondoka mguu mtupu, hata hukugeuka. Mlipotawanyika nikaingia nikakichomoa."

Habari ya kiatu mkewe hakupata kumsimulia yeye. Asubuhi ya pili yake alikikuta mlangoni, kimeoshwa, kimekaushwa. Miaka yote hii alidhani ni jirani aliyekileta. Tena alimshonea gauni la shukrani, na jirani, bila haya, akalipokea.

"Ulifika mpaka mlangoni," alisema taratibu.

"Nilifika. Alfajiri."

"Nilikuwa macho. Nimekaa nyuma ya mlango ule ule, nalia peke yangu, nakuita wewe kwa jina. Ulinisikia?"

Ng'ambo aliinamisha kichwa.

"Nilikusikia," alisema.